Sauti ya Ng'ambo ya Korongo

Watu wakiniuliza nyimbo zile nilizirekodia wapi, nawajibu nyumbani kwa mama, Mbulu, halafu nanyamaza nikiomba waridhike. Hawaridhiki. Wanataka habari za upweke. Kuna mmoja aliandika mtandaoni kwamba ukiisikiliza albamu ile unamsikia mtu aliyejifungia peke yake na huzuni yake, hana wa kumwambia. Nilisoma nikafurahi, kisha nikaona haya kwa kufurahi. Peke yangu wapi? Mama alikuwa chumba cha pili. Alikuwa anatembea pekupeku ndani ya nyumba yake mwenyewe kwa sababu mimi nilimkataza kuvaa ndala.

Nianze na msiba, maana bila msiba zisingekuwapo nyimbo. Mdogo wangu wa kiume, kitinda mimba wa mama, alikuwa dereva wa trekta kwenye mashamba ya ngano upande wa Basotu. Alikufa barabarani akija nyumbani na pikipiki yake, jioni ya kawaida kabisa, amebeba sukari ya mama na samaki wa ziwani aliowafunga kwenye mfuko. Mimi nilikuwa Arusha, naimba nyimbo za watu wengine kwenye hoteli za wageni, nyimbo ambazo hata aliyeziomba hazisikilizi, yuko na sahani yake. Nilifika nyumbani kaburi limeshachimbwa.

Kwetu Wairaqw, mama akifiwa na mtoto nyumba yake hukaa kando. Neno lake la Kiiraqw lipo, lakini kwa Kiswahili mimi nasema hivyo tu, kukaa kando. Siku hizi wengi wameacha, na vijana wanasema ni ushamba. Mama yangu ni mtu wa kanisa, ana Biblia yake na anaisoma, ila mwanawe alipokufa alifunga lango la ua kama mama yake alivyolifunga zamani, na hakuna aliyembishia. Mtu aliyekaa kando haingii nyumba ya jirani, na jirani haingii kwake. Hachangii moto na mtu, wala maji, wala kikombe. Ng'ombe wake hawachungwi na wa wenzake. Haendi mnadani, haendi harusini, haendi msibani. Si adhabu, na wala watu hawamchukii. Kifo kimeingia kwake, na yeye mwenyewe ndiye anayekizuia kisivuke kwenda kwa wengine. Atakaa hivyo miezi, mpaka wazee waone kwamba amepoa, ndipo anyolewe, moto wa zamani uzimwe, na jirani alete moto mpya kutoka kwake. Na wazee hawamuulizi mfiwa kama amepoa. Wanamuuliza anayekaa naye ndani, kwa sababu huyo ndiye anayemwona akila na akilala.

Hilo la kuulizwa ndilo lililoniponza.

Maana anayeingia ndani naye anakaa kando, hakuna kuingia na kutoka. Dada zangu wana waume na watoto wadogo, hawakuweza. Nikasema nitaingia mimi. Mjomba, kaka yake mama, alinisifu mbele ya watu wote waliokuwa wamebaki pale. Alisema kumbe huyu binti wa mjini ndiye mwenye moyo. Wanawake wakanishika mabega, wakaniambia Mungu atanilipa. Nilizipokea sifa zile na sikuona kama naiba, kwa sababu siku ile nilikuwa naingia kwa ajili ya mama kweli. Gitaa lilikuwa kwenye begi tu, kama linavyokuwa siku zote.

Wiki za kwanza mama hakuwa mtu wa kuongea. Alikuwa anakaa karibu na jiko anachambua maharage, akiyamaliza anayachanganya tena na kuanza upya. Niliogopa. Nilipika, nilikamua, nilimwogesha miguu. Usiku nililala kitanda kimoja naye kama nilipokuwa mdogo, na alikuwa ananishika mkono mpaka asubuhi. Haya yote ni kweli, na huwa najikumbusha ili nisijichukie kupita kiasi.

Kisha nikagundua ukimya.

Arusha nilikuwa nimepanga chumba kati ya gereji na baa. Miaka mizima nilikuwa nataka kutengeneza albamu yangu mwenyewe, mimi na gitaa tu, na kila nikiwasha kinasa sauti mtu anagonga bati, au mlevi anaomba apigiwe wimbo wake, au mwenye nyumba anabisha hodi. Sasa nimeingia nyumba ambayo mtu haruhusiwi kubisha hodi. Hakuna mgeni, hakuna mtoto wa jirani, hakuna redio. Mwanamuziki atakayeniambia hajawahi kuiota nyumba ya namna hiyo, huyo ni mwongo. Siku moja nilikwenda stoo kuchota mahindi, nikakohoa, nikasikia jinsi magunia yalivyokimeza kile kikohozi, hakikurudi hata kidogo. Nilisimama pale na ungo mkononi, na moyo wangu ukaruka kwa furaha. Mdogo wangu alikuwa hajamaliza hata miezi miwili ardhini. Wahenga walisema kufa kufaana, na mimi nilikuwa nadhani wanawasema watu wa mirathi.

Nikaweka blanketi mlangoni. Nikakaa katikati ya magunia, maikrofoni juu ya debe lililopinduliwa. Umeme nilikuwa napata kwenye sola ambayo mdogo wangu alimnunulia mama kwa mshahara wake wa kwanza wa trekta. Nikaanza kumwimba yeye. Niliimba habari za samaki waliooza kwenye mfuko kwa sababu hakuna aliyekumbuka kuufungua. Niliimba habari za simu yake ya mwisho, niliyoiona ikiita nikaiacha kwa sababu nilikuwa nagombana na mwenye hoteli. Sauti ilipasuka mahali pengi, na safari hii sikurudia ili niirekebishe, niliiacha ipasuke. Nilikuwa najua kwamba ninachokifanya ni kizuri. Aliyewahi kufanya kazi ya namna hii anajua, kuna siku mwili wenyewe unakuambia.

Na kadiri kazi ilivyokuwa nzuri, ndivyo nilivyozidi kuwa mkali. Sina simile tangu utotoni, mama mwenyewe alikuwa ananiita pilipili. Jogoo nilimchinja mapema kabisa, tukamla. Kisha nikamwambia mama ndala zake zinasikika, akavua. Nikamwambia asisonge ugali mpaka nitoke stoo, tukawa tunakula tumechelewa. Maharage yake aliyahamishia kwenye kitambaa ili yasilie kwenye ungo. Hakuwahi kuuliza kwa nini. Alikuwa ananiangalia tu, anaitikia kwa kichwa, na mimi nikachukulia kwamba ameelewa umuhimu wa kazi yangu.

Mtu mmoja tu sikuweza kumnyamazisha, na huyo alikuwa rafiki yake mama.

Alikuwa anakaa ng'ambo ya korongo, ndiyo maana sisi watoto tulimwita mama wa ng'ambo. Yeye na mama waliolewa msimu mmoja, wakiwa wasichana wawili wageni kwenye kilima kimoja, na tangu hapo hawajawahi kuachana. Wamechota maji pamoja, wamepika pombe pamoja, wamezika waume zao. Mama alipokaa kando, yeye hakuvuka, maana mila ni mila, lakini hakukaa mbali. Asubuhi alishuka mpaka kwenye jiwe la mpaka, ambapo kibuyu chetu kilikuwa kimewekwa, akamimina maziwa kutoka juu ili vyombo visigusane, akarudi. Na kila jioni alisimama ukingoni kwake, akaweka mikono kiunoni, akamwita mama.

"Umekula?"

Hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza, kila siku. Mama alitoka ukingoni kwetu akajibu, "Nimekula," hata kama hajala. Kisha ziliendelea habari: ng'ombe gani kazaa, mvua imeishia wapi, nani kamtorosha binti wa nani. Sauti yake ilikuwa ya kuitia ng'ombe. Mama alikuwa anasema huyu mwanamke akinong'ona anasikika Yaeda Chini.

Sasa jioni ndiyo saa yangu nzuri ya kurekodi. Upepo wa mchana umetulia, bati limeacha kulia kwa jua, baridi bado haijashuka vidoleni. Kila nikifika katikati ya wimbo, Umekula? inaingia. Nafuta, naanza upya. Yeye anaanza habari za ng'ombe. Nafuta. Nilifuta jioni nyingi sana. Mwanzoni nilikuwa natoka kumpa shikamoo kwa sauti ya kuvuka korongo, kama mtoto aliyelelewa. Baadaye nikawa najificha stoo ili nisidaiwe salamu, jambo ambalo kwetu mtu mzima akilifanya watu wanauliza kama ni mgonjwa.

Naye aliuliza. Nikiwa mle ndani na hedifoni masikioni nilimsikia akimuuliza mama mbona binti yako hanisalimii. Mama akamjibu kwamba ana kazi. Kazi gani hiyo ya gizani? Mama akasema, analia na gitaa. Yule mama akasema afadhali gitaa, angekuwa analia na mume ingekuwa hasara. Na mama akacheka. Alicheka kweli, kile kicheko chake cha tumbo ambacho sikuwa nimekisikia tangu msiba. Kilikuwa mle kwenye kinasa sauti, safi kabisa, juu ya ubeti wangu wa tatu. Nilisonya. Nikakifuta.

Jioni nyingine wimbo wa mdogo wangu ulikuwa unakwenda vizuri kuliko siku zote. Nilikuwa nimeufikisha karibu na mwisho, mlango wa stoo nimeuacha wazi kidogo kwa ajili ya hewa, nikaona mama anaelekea ukingoni. Nilijua kinachokuja. Mkono mmoja ukaendelea kupiga kamba zilie zenyewe, wa pili nikauinua, nikaweka kidole mdomoni, nikamkazia macho. Mama alisimama. Sauti ikaja kutoka ng'ambo, mbali, ikauliza kama amekula. Mama alikuwa ameshafungua mdomo kujibu. Akaniangalia, akaufunga. Sauti ikauliza tena, safari hii kwa wasiwasi, "Umekula wewe?" Halafu ikanyamaza. Nikamaliza wimbo. Nilipousikiliza niliona sauti ile imeingia chini sana nyuma ya gitaa, wala haiharibu, inaleta hali fulani ya nyumbani. Nikaiacha. Wimbo huo ndio wa nne kwenye albamu.

Sasa nije kwa mjomba.

Alikuja asubuhi, akasimama nje ya lango kwa umbali unaotakiwa, fimbo begani. Nikatoka, nikampa shikamoo. Aliuliza habari za mama. Alikuwa na haraka njema usoni, niliona kabisa kwamba wazee wameshazungumza na mtama wa pombe umeshalowekwa mahali. Na mama alikuwa amepoa. Nisidanganye hapa pia. Alikuwa analala mpaka alfajiri, alikuwa anakula akidai chumvi, alikuwa ameanza kuuliza bei za mnadani Katesh. Juzi yake tu walikuwa wamepangana na rafiki yake kwa kupigiana kelele kwamba siku ya kutoka, moto mpya utatoka ng'ambo. Yule mama alisema kuni za siku hiyo ameshazikata, ziko darini zinakauka, hakuna atakayezigusa.

Lakini mimi nilikuwa na nyimbo mbili zimebaki. Nilijua kitakachotokea lango likifunguliwa. Dada zangu watakuja na watoto, watu watajaa, pombe italetwa, kila jirani ambaye hajaingia miezi yote ataingia na kukaa, na ukimya ule hautarudi tena maishani mwangu. Mjomba akaniuliza swali lenyewe kama linavyoulizwa, "Mama yako amepoa?"

"Bado, mjomba," nikasema.

Akanitazama. Akauliza kama analala. Nikasema anashtuka usiku. Akauliza kama anakula. Nikasema kwa kubembelezwa. Nilikuwa napata maneno bila shida, na hilo ndilo linalonitisha mpaka leo. Mjomba akashusha fimbo, akasema basi, uchungu wa mwana aujuaye mzazi, tumpe muda, tungoje mtama wa shambani uvunwe. Akanishukuru kwa kumtunza dada yake, akaondoka. Nikarudi stoo.

Haikupita wiki mbili, ikaja jioni ambayo mama wa ng'ambo hakuita.

Nilirekodi wimbo wa kabla ya ule wa mwisho mara moja tu, bila kusimama, na ukatoka kama nilivyokuwa nautaka. Ndio huo ambao watu wanaupenda zaidi, ule ambao wanasema unasikia mpaka ukimya wenyewe. Nilipotoka nimefurahi nilimkuta mama bado amesimama ukingoni, kanga ameivuta kichwani.

"Leo hajaja," akasema.

Nikamwambia labda ana wageni. Kesho yake asubuhi kibuyu kilikuwa kitupu, nikasema labda ng'ombe wamehamishwa malisho. Jioni haikusikika sauti tena, na mimi, Mungu anisamehe, niliutumia ukimya ule wa pili kumaliza wimbo wa mwisho. Mama hakuingia ndani kabisa. Niliimba nikijua amesimama nje kwenye baridi anasubiri kuitwa, na niliimba vizuri.

Kilio kilianza ng'ambo kesho yake mchana. Kifua kilikuwa kimembana yule mama, watoto wake walimbeba kwa pikipiki mpaka hospitali, akarudishwa kwenye gari akiwa maiti.

Kutoka ukingoni kwetu kila kitu kilionekana. Tuliona turubai likifungwa. Tuliwaona wanaume wakichimba kwa zamu. Moshi wa majiko ya msiba ulipanda, na mama akauangalia kwa muda mrefu, akasema hizo ni kuni zangu. Alizitambua kwa harufu. Walikuwa wamezishusha zile za darini, maana msiba ukiingia ghafla nyumba huchoma chochote kilichokauka.

Nilishindwa kuvumilia. Nikamshika mkono nikamwambia twende, mama, haya ni mambo ya zamani, hata mchungaji atakuelewa, vuka ukamzike mwenzako. Nilikuwa namvuta hasa. Nilikuwa nataka avuke ili mimi nipone. Mama aliutoa mkono wake polepole.

"Nikivuka na kifo changu," akasema, "watoto wake nitawaambia nini?"

Akabaki pale mpaka watu walipotawanyika. Hakulia kwa sauti. Akafiwa na mwenzake wa maisha yake akiwa umbali wa kumrushia jiwe, na angekuwa huko, ameshika miguu yake hospitalini, ameosha mwili wake, kama mimi asubuhi moja ningesema ndiyo badala ya bado.

Lango lilifunguliwa baada ya mavuno, kama mjomba alivyopanga. Mama alinyolewa. Moto uliletwa na mke wa mjomba, mama mwema, alitembea nao kutoka mbali na alikuwa anahema. Mama akaupokea kwa mikono miwili, akashukuru. Kisha akageuka kidogo kuangalia ng'ambo, mara moja tu, akaanza kuwapa watu viti.

Nikarudi Arusha na albamu yangu. Kuna kijana anayejua mashine alinisaidia kuiweka sawa, nikaitupia mtandaoni, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu watu wakanisikiliza. Sitaki kujifanya kwamba sikufurahi. Nililipwa, nikaitwa huku na huku, nikahojiwa. Kila mahali waliuliza kuhusu upweke na mimi nilijifunza kujibu vizuri. Siku moja nikipita Katesh kuelekea Singida nilisikia ule wimbo wa nne ukitoka kwenye spika ya bodaboda pale stendi, na sauti ile ya chini ikauliza, umekula? Nilishuka kwenye basi nikaenda kukaa nyuma ya vibanda vya mitumba mpaka basi likaniacha. Sikwenda Singida. Nikatafuta gari la kurudi Mbulu.

Mama nilimkuta uani, na ndala zake miguuni. Alifurahi, akaniambia nimekonda, akaingia kusonga ugali bila kuniuliza nimefuata nini. Tulipokaa kula akaitoa simu yake ndogo kwenye fundo la kanga. Alisema binti wa mama wa ng'ambo alikuja na wimbo wangu. Alikuwa ameusikia kwa wenzake, akavuka korongo anakimbia, akamwekea mama sikioni akamuuliza, huyu si mama yangu? Wakausikiliza mpaka chaji ikaisha. Kisha binti huyo akamwekea mama wimbo kwenye hii simu yake ndogo, na mama amejifunza mwenyewe kubonyeza.

Nikaweka tonge chini.

"Mama, mjomba alipokuja kuniuliza, wewe ulikuwa umeshapoa. Mimi ndiye niliyesema bado."

"Najua," akasema. "Nilikuwa nyuma ya mlango."

Nilidhani sijasikia vizuri. Nikamuuliza kwa nini basi hakutoka akasema mwenyewe.

"Wewe ulikuwa unalia kila jioni mle stoo," mama akasema. "Unaanza, unakatisha. Unaanza tena palepale, unakatisha. Nikasema mtoto huyu hajapoa. Mimi ningetokaje nikamwacha ndani?"

Nilikuwa narudia kwa sababu kamba ya gitaa ilikuwa imelegea. Nilikuwa narudia kwa sababu ubeti ulikuwa mrefu, kwa sababu kuku amepita, kwa sababu rafiki yake alikuwa anamwita. Nilifungua mdomo nimwambie, nikaufunga. Lile moja nililomkiria alikuwa ameshalibeba miezi yote kwa ajili yangu, na hili jingine sikuwa na moyo wa kumtwisha.

Akasogeza simu karibu na mimi. Alikuwa na swali, na niliona amelihifadhi kwa muda akisubiri nije, kama mtu anayesubiri fundi. Akasema wewe ndiye unayejua mambo haya. Hapo anaponiita, huwezi kujitoa kidogo, nikamsikia yeye tu?

Nikamwambia haiwezekani, sauti zimeshikana, mimi niko juu yake.

"Basi niwekee zile nyingine," akasema. "Si alikuwa anaita kila siku?"

"Nilizifuta, mama."

Alitikisa kichwa taratibu. Hakukasirika. Ningelipa chochote akasirike. Alisema tu, "Kumbe," akaichukua simu, akainamisha kichwa, akabonyeza.

Gitaa langu likaanza, nami nikaanza kuimba mle ndani ya simu, kwa uchungu ule ambao watu wanausifu, na sijawahi kumtamani mtu anyamaze kama nilivyojitamani mimi mwenyewe. Mama alivumilia. Alikuwa amezoea kunivumilia, anajua wapi pa kungoja. Ilipokaribia akanyoosha mgongo. Chini kabisa, nyuma yangu, yule mama akaita kuuliza kama amekula.

"Nimekula," mama akajibu, kwa sauti ya kuvuka korongo.

Sauti ikauliza tena, kwa wasiwasi, maana siku ile hakujibiwa.

"Nimekula, dada. Nimekula," mama akasema, na sahani yake ilikuwa mbele yake, hajaigusa.